"Sisi" au "Fisi"? Kicheza Muziki cha Upambanuzi wa Juu na Nyimbo za Kiswahili, Kutoka Uvira

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umezoea kuanza na matini iliyokwisha kuandikwa. Mhakiki huziweka beti mezani, akachambua maudhui na fani, kisha akatoa hukumu. Swali la jinsi maneno hayo yalivyofika kwenye karatasi huachwa nyuma, kana kwamba wimbo ulijiandika wenyewe. Kumbe kati ya kinywa cha mwimbaji na kalamu ya mnukuzi pamekaa mashine, na kila mashine ina inachokipitisha na inachokizuia.

Makala haya yanahakiki mashine moja ya aina hiyo: kicheza muziki cha mkononi chenye upambanuzi wa juu, ambacho kikuza sauti chake huweza kufunguliwa na kuwekwa kingine. Kinatazamwa kutoka Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mkabala na Bujumbura. Huko Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kwaya na ya redio, kikiishi pamoja na Kifuliiru, Kivira na Kibembe. Hoja inayotetewa ni kwamba mashine hii ni msaidizi mwaminifu wa mnukuzi, lakini haiwezi kumrudishia neno lililopotea kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo sifa inazomwagiwa zinastahili kugawiwa upya, na sehemu kubwa iende kwenye kunasa sauti, ambako leo haipelekwi.

2.0 Mashine na majina yake

Vicheza muziki vya namna hii vilienea katika muongo wa 2010. Mfano unaojulikana sana ni FiiO X7 wa mwaka 2015, uliotoka na vikuza sauti kadhaa vya kubadilisha: AM1 kwa spika nyepesi za masikioni, AM2 kwa zile za wastani, AM3 kwa waya zenye njia mbili zilizotenganishwa, na AM5 kwa zile nzito zinazohitaji nguvu nyingi. iBasso nao waliufuata mwendo huo kwa DX200. Katika Cayin N6ii wa mwaka 2019 kinachobadilishwa ni kikubwa zaidi, kwa kuwa kipande kimoja hubeba kikuza sauti pamoja na sehemu inayogeuza namba kuwa sauti.

Majina yenyewe yanahitaji neno. Katika Kiswahili "kipaza sauti" kimebebeshwa mizigo miwili: wengine hukitumia kwa chombo cha kusemea, wengine kwa spika kubwa inayowasikizisha watu wa mbali. Huko Uvira Kifaransa kimeleta "ampli" na "bafle", na watu huelewana bila taabu. Makala haya yanatumia "kikuza sauti", kwa sababu kupaza na kukuza si tendo moja. Anayepaza sauti hutaka kusikika mbali. Anayekuza huchukua kilicho kidogo akakifanya kikubwa, na ndani yake kasoro nayo hukua.

Ama neno "upambanuzi", linafaa hapa kwa sababu ya pili. Wanafonolojia husema juu ya sifa pambanuzi, yaani zile zinazotenganisha sauti moja na nyingine hata maana ikabadilika. Basi mashine inayojisifu kwa upambanuzi wa juu inaweza kuulizwa swali la kifonolojia: inapambanua nini? Ikiwa haitenganishi maana na maana, upambanuzi wake ni wa namba tu.

3.0 Namba na sikio

Diski ya CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kina biti 16. Kanuni ni kwamba mtetemo wa juu kabisa unaoweza kuhifadhiwa hauzidi nusu ya idadi hiyo ya vipimo. Kwa CD ni takriban mitetemo 22,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya hufika karibu 20,000, na la mtu mzima hushuka chini ya hapo. Faili la upambanuzi wa juu hupima mara 96,000 au 192,000 kwa sekunde, kwa biti 24. Kwa nadharia, biti 16 hutoa tofauti ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo na kubwa, na biti 24 hutoa 144. Kiwango hicho cha pili hakuna kikuza sauti kinachokifikia, na hakuna sebule ya Uvira yenye ukimya wa kukistahili, iwapo jenereta ya jirani inanguruma na kwaya inafanya mazoezi mtaa wa pili.

Je, masikio hutambua tofauti hiyo? Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha majaribio 554, ambamo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya upambanuzi wa juu na sauti hiyohiyo iliyopitishwa katika kipimo cha CD. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Reiss alikusanya matokeo ya tafiti 18, zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta asilimia 52.3. Tofauti hiyo ndogo ipo kitakwimu, na watu waliofunzwa huisikia vizuri zaidi. Mtetezi wa mashine ana haki ya kuitaja asilimia hiyo. Hana haki ya kuigeuza kuwa mbingu na ardhi.

Jambo la maana zaidi kwa mwanaisimu limo upande mwingine wa ngazi. Simu ya kawaida ya zamani ilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Simu nyingi za zamani zenye kunasa sauti zilihifadhi faili za AMR, zinazopima mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 hukatwa. Wimbo ulionaswa kanisani au harusini kwa simu ya namna hiyo, ukarushwa kutoka simu hadi simu na kubandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ulikwisha kukatwa mkia siku ya kwanza. Kutoka vipimo 8,000 hadi 44,100 kuna hatua kubwa sana kwa lugha. Kutoka 44,100 hadi 192,000, kwa upande wa maneno, hakuna hatua.

4.0 Neno linapopotea

Ukweli huo unaonekana katika konsonanti. Nguvu ya sauti [s] imekaa juu, kwa kawaida kuanzia mitetemo 4,000 kwa sekunde na kupanda. Sauti [f] ni dhaifu na imetawanyika kote. Mkia wa juu ukikatwa, alama kubwa inayozitenganisha huondoka, na sikio hulazimika kubahatisha kutoka kwenye muktadha. Katika mazungumzo muktadha hutosha. Katika wimbo, ambamo mshairi hupinda sentensi na kuficha maana kwa makusudi, muktadha ni kigogo cha kuozea mtoni: ukikiegemea unaweza kuanguka nacho.

Jozi zifuatazo zinatosha kuonyesha hatari. "Amenisuta" ni malalamiko ya aliyelaumiwa hadharani. "Amenifuta" ni kilio cha aliyeondolewa kabisa katika moyo wa mtu. "Kusafiri" na "kufasiri" hutenganishwa na mpangilio wa sauti hizohizo mbili. Na mnukuzi aliyepewa faili bovu anaweza kujikuta hajui kama kiitikio kinasema "sisi" au "fisi". Neno la kwanza linaikusanya jamii. La pili linamtukana mtu kwa mafumbo. Uhakiki mzima wa wimbo, uwe wa mshikamano au wa dhihaka, unaning'inia kwenye konsonanti moja isiyosikika. Hali ni hiyohiyo kwa "sina" na "shina" pale faili lilipobanwa mno, hata sauti za mluzi zikaanza kuyumba kama maji.

Kiswahili cha Uvira kinaongeza tatizo la aina yake. Msemaji wa huko mara husema "watu", mara "batu". Mara "watoto", mara "batoto". Husema "mutu" na "mutoto" kwa irabu kamili, na hupunguza kwa "ka-": "katoto". Chaguo kati ya "wa-" na "ba-" si la bahati tu. Linaweza kuonyesha ni nani anayesemeshwa, mwimbaji anataka kusikika kama mtu wa nyumbani au kama mhubiri, na kama mstari umetoka kwenye kitabu cha nyimbo au kwenye uwanja wa kijiji. Tofauti ya [b] na [w] haikai juu kama ile ya [s]. Imo katika muda: mlipuko mfupi wa midomo upande mmoja, mtelezo wa polepole upande wa pili. Kinachoiharibu ni mwangwi wa ukumbi, mngurumo wa umeme, na spika iliyosukumwa kupita uwezo wake.

Hapo ndipo dhambi kubwa ya unukuzi hutendeka. Mnukuzi asiyesikia vizuri huandika kile anachokitarajia, na aliyesoma shuleni hutarajia Kiswahili sanifu. "Batoto" hugeuka "watoto", na "mutu" hugeuka "mtu". Lahaja nzima inaweza kufutwa namna hiyo bila mtu kukusudia ubaya.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kupita njia hii. Tungo za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi yake haikutenganisha /e/ na /i/ wala /o/ na /u/, na mara nyingi iliandika /p/ na /b/ kwa herufi moja. Hichens alipochapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940, akitumia kazi iliyokusanywa na Taylor, kila neno la hati hiyo lilikuwa limepitia uamuzi wa msomaji. Wanafilolojia walijifunza kulinganisha hati, kutaja walikozipata na kuonyesha mahali penye shaka. Faili la AMR nalo ni hati yenye herufi pungufu. Linastahili nidhamu ileile, lakini mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ni sauti ya mwimbaji mwenyewe.

5.0 Kikuza sauti kama mghani

Katika hali hiyo, kubadilisha kikuza sauti kuna faida gani? Ziko tatu, na ni vizuri zisichanganywe. Ya kwanza ni nguvu: spika nzito za masikioni zikiungwa kwenye kikuza sauti dhaifu, ngoma hulegea na sauti kubwa hukwaruza. Ya pili ni ukimya: spika nyepesi zikiungwa kwenye kikuza sauti chenye nguvu mno huvuta mvumo, na mvumo huo hulala juu ya konsonanti hafifu zilezile zinazotafutwa. Ya tatu ni rangi: kuna vikuza sauti vinavyoongeza unene wa chini au kulainisha ukali wa juu, na hivi ndivyo wauzaji huviita vyenye "joto".

Faida mbili za kwanza ni za kweli na hupimika. Ya tatu ni jambo la mghani. Utenzi mmoja ukisomwa na waghani wawili hutoa ladha mbili, na msikilizaji ana haki ya kumpenda mmoja wao. Lakini hakuna anayesahihisha utenzi kwa kufuata koo la mghani. Kikuza sauti kinachoulainisha ukali wa juu hulainisha pia [s]. Chenye kunenepesha chini huuvimbisha mngurumo wa ukumbi. Kwa starehe ya jioni, sawa. Kwa unukuzi, kinachofaa ni kile kisichorembesha. Cha pili kina kazi moja tu ya kitaaluma: kujaribu mahali penye shaka kwa masikio mengine. Neno likisikika vilevile katika vikuza sauti viwili visivyofanana, mnukuzi anaweza kuliandika kwa moyo mkunjufu zaidi. Likibadilika, alama ya kuuliza iwekwe.

Kuna mfano wa Kikongo unaoonya dhidi ya kuuona usafi kama sifa pekee. Konono No. 1, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi mjini Kinshasa, lilitengeneza vinasia sauti vyake kwa sumaku kutoka vipuri vya magari chakavu, likapitisha likembe kwenye vikuza sauti na mabomba ya spika ya kukwaruza. Mkwaruzo huo ulizaliwa na hitaji la kusikika juu ya kelele za mji, kisha ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Ndio uliolipa jina kundi hilo nje ya nchi, tangu albamu ya "Congotronics" ya mwaka 2004. Hapa kikuza sauti ni ala, tena ni ala ya mtunzi. Mashine ya upambanuzi wa juu ikicheza albamu hiyo inatakiwa kuutoa mkwaruzo wote, bila kuupunguza wala kuuongezea wake. Kwa hiyo mhakiki lazima apambanue kasoro mbili: ile iliyotungwa na ile iliyoingia njiani. Kwenye jambo hili kikuza sauti kisichorembesha kinastahili sifa isiyo na masharti, kwa kuwa kinamwezesha msikilizaji kujua mkwaruzo ni wa nani.

6.0 Kuishi na mashine kando ya ziwa

Hukumu juu ya chombo haikamiliki bila kukitazama nyumbani kwake. Dakika moja ya sauti ya vipimo 192,000 na biti 24, isiyobanwa, hula megabaiti 69 hivi. Wimbo wa dakika nne hufika 276. Kadi ya gigabaiti 128 hubeba nyimbo kama hizo 460 tu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huhitaji chini ya megabaiti 4 kwa wimbo huohuo, na kadi ileile hubeba zaidi ya 33,000. Mfumo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupunguza uzito bila kutupa chochote, lakini bado faili huwa kubwa. Katika mitaa ya Mulongwe na Kimanga, ambako nyimbo hununuliwa kwa kujaziwa kadi kutoka kwenye kompyuta ya muuzaji, anayeuza huchagua wingi. Hawezi kulaumiwa: mteja hulipia idadi.

Umeme nao ni mhakiki mkali. Kikuza sauti kikubwa hula betri haraka, na katika mji ambao umeme hukatika, saa za kusikiliza hupangwa kwa kufuata jua la paneli au zamu ya kuchaji. Mwenye mashine hujifunza kubadilisha kikuza sauti kwa sababu ambazo watengenezaji hawakuziandika: kidogo siku ya giza, kikubwa siku ya umeme. Skrubu zake ni ndogo, na vumbi la kiangazi halina adabu. Zaidi ya hayo, usikilizaji wa Uvira ni wa pamoja. Redio huwekwa dirishani; matangazo ya FM kutoka Bujumbura huvuka ziwa; Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, imekuwa ikisikizwa na nyumba nzima. Spika za masikioni humtoa mtu barazani. Huyo hupata konsonanti na kumkosa mzee aliye kando yake, ambaye angemweleza maana ya fumbo. Mnukuzi mwenye busara husikiliza mara mbili: peke yake ili apate neno, na barazani ili apate maana.

Halafu ipo bei. FiiO X7 ulipotoka uliuzwa kwa zaidi ya dola 600 za Marekani. Kinasa sauti cha mkononi Zoom H1, kilichotoka mwaka 2010, kiliuzwa kwa dola 99 hivi, nacho hunasa kwa vipimo 96,000 na biti 24. Kwa bei ya kusikilizia, vingeweza kununuliwa vinasa sauti sita. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha uhakiki huu.

Historia inaiunga mkono. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean-Bosco akipiga gitaa huko Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akamnasa papo hapo. "Masanga" ukapata tuzo ya Osborn ya mwaka huo, ukatolewa kwenye santuri. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1961 na 1962, Rycroft aliweza kuandika uchambuzi wa kina wa upigaji gitaa wa Mwenda kwa kutumia rekodi hizo. Rycroft hakuwa na kicheza muziki cha upambanuzi wa juu. Alikuwa na kitu kilichonaswa kwa uangalifu, kwa jina na tarehe, na kikahifadhiwa. Kazi ya Tracey iliendelea katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo tangu 1978 iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwaya na wapiga gitaa wengi wa mwambao wa kaskazini wa Tanganyika hawakupata bahati hiyo. Sauti zao zimo katika kaseti za nyumbani na faili za simu. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika janga la namna hiyo, wimbo wenye nakala moja huondoka pamoja na ukuta uliouhifadhi.

7.0 Hitimisho

Kicheza muziki cha upambanuzi wa juu kinatimiza ahadi yake: kinatoa kilichomo, bila hila, na kikiwa na kikuza sauti kinachofaa humwezesha mnukuzi kusikia hadi mwisho wa kile faili linachobeba. Hakiongezi neno ambalo simu ya mwaka wa kwanza ililikata. Anayekisifu kama mlango wa kumrudia mwimbaji anachanganya chombo cha kusomea na hati.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kila unukuzi wa wimbo unaochapishwa utaje nakala iliyotumika, aina ya faili na vipimo vyake, na mahali penye shaka paonyeshwe badala ya kusanifishwa. Pili, upambanuzi wa juu upelekwe kwenye kunasa na kuhifadhi. Huko una kazi: muungano wa kimataifa wa maktaba za sauti, IASA, unashauri vipimo visivyopungua 48,000 na biti 24, na biti hizo za ziada humkinga mnasaji asiyejua mapema kwaya itapaza kiasi gani. Kaseti zilizobaki zinakiliwe kwa kipimo hicho, na nakala mbili zikae nyumba mbili tofauti, moja mbali na mto. Tatu, mwanafunzi anayehakiki wimbo ajizoeze kuuliza swali dogo kabla ya makubwa: neno hili limesikika, au limetarajiwa? Swali hilo halihitaji dola 600. Lisipoulizwa, mhakiki anaweza kuandika kurasa ishirini juu ya mshikamano wa jamii katika wimbo ambao, tangu mstari wa kwanza, ulikuwa ukimsema fisi.